Anwani Yenye Kigeu: Mfano wa Nyanda za Juu Kusini

Tuchukulie kuwa wanafunzi wa shule moja ya Iringa wanatengeneza tovuti ya kuhifadhi vipimo vya mvua. Anayeanza kazi hii huandika njia moja kwa kila ukurasa: /mvua/iringa/makete/2005, /mvua/mbeya/rungwe/1998, na kuendelea. Wilaya 10 kwa miaka 20 zitahitaji njia 200, nazo zatofautiana kwa majina na miaka tu.

Kiunzi cha programu kiitwacho Flask, kilichotolewa mwaka 2010, huziweka zote katika mstari mmoja:

/mvua/<mkoa>/<wilaya>/<int:mwaka>

Neno mvua halibadiliki. Yaliyomo ndani ya mabano ni vigeu, kama x katika aljebra. Ombi la /mvua/mbeya/rungwe/1998 linapofika, kiunzi hulilinganisha na mstari huo kipande kwa kipande, kikatwaa thamani tatu na kuzikabidhi kwa programu ya kutafuta vipimo. Alama int hudai namba kamili. Kwa hiyo atakayeandika masika mahali pa mwaka atajibiwa 404, yaani ukurasa haupo, kabla programu haijaanza kutafuta chochote. Lakini mwaka 9999 utapita, maana nao ni namba kamili. Kuukataa ni kazi ya mwandishi wa programu.

Sasa tutazame kosa ambalo kiunzi hakiwezi kuliona. Mwaka 2012 Makete ilitoka Mkoa wa Iringa ikawa ya Njombe. Mwaka 2016 Mbozi na Ileje zilitoka Mbeya zikaingia Songwe. Kipimamvua hakikusogea hata hatua moja, ila anwani yake imekuwa ya uongo, na mwanafunzi aliyeinakili daftarini hatapata kitu. Kuondoa mkoa pekee hakutoshi: Momba nayo ilimegwa kutoka Mbozi mwaka 2012. Ni afadhali kila kituo kipewe namba yake ya kudumu:

/mvua/kituo/<int:namba>/<int:mwaka>

Namba haipendezi kama jina, lakini haihami. Mkoa na wilaya viandikwe ndani ya kumbukumbu za kituo, ambamo ni rahisi kuvirekebisha. Njia ya zamani isifutwe. Ielekeze msomaji kwenye anwani mpya.

Zoezi: Ongeza kigeu cha mwezi katika njia hiyo, ukitumia int. Eleza litakalotokea msomaji akiandika januari, na kisha akiandika 13.