Mafunzo Niliyopata Katika Biashara ya Ving'amuzi vya Kurekodi

Nauza na kutengeneza ving'amuzi Kariakoo. Wateja huniuliza sana swali moja: je, kuna haja ya kulipia king'amuzi chenye diski ya kurekodia vipindi, wakati simu ina intaneti? Haya ndiyo niliyojifunza kaunta na kwenye meza ya ufundi, pamoja na yale yaliyowapata waliotutangulia Marekani.

1. Mwenye matangazo humshinda mwenye mashine nzuri

Mwaka 1999 rekoda za TiVo na ReplayTV ziliingia sokoni Marekani na jambo ambalo deki ya kanda haikuliweza: unasimamisha kipindi kinachorushwa moja kwa moja, unakwenda kupakua chakula, unarudi na kuendelea pale ulipoachia. TiVo ya kurekodi saa 14 iliuzwa dola 499, na ada ya huduma juu yake. Walioinunua waliipenda mno. Lakini kampuni za kebo na setilaiti ziliweka uwezo huohuo ndani ya ving'amuzi vyao, zikavikodisha kwa nyongeza kwenye bili ambayo mteja alishazoea kuilipa. ReplayTV, iliyoweza kuruka matangazo ya biashara yenyewe, ilishtakiwa na vituo vikubwa mwaka 2001, na SONICblue iliyoimiliki ikafilisika 2003. TiVo ilidumu, tena hataza zake zikaiingizia fedha nyingi: mwaka 2011 Dish Network na EchoStar zilikubali kuilipa dola milioni 500 ili kumaliza kesi.

Kwetu mambo ni yaleyale. King'amuzi huja na kadi na kifurushi chake, na rekoda ya kampuni nyingine haina pa kuingilia. Ndiyo maana siagizi rekoda zinazojitegemea.

2. Mpira haurekodiwi

Kinachouza ving'amuzi Tanzania ni mpira. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini kulipa shilingi bilioni 225.6 kwa haki za kuonyesha Ligi Kuu miaka 10. Lakini Simba na Yanga zikimaliza dakika 90, matokeo yako WhatsApp kabla hujashuka kwenye daladala. Shabiki hanunui diski kwa ajili ya mechi ambayo matokeo yake anayajua.

3. Kurekodi kunahitaji umeme na ratiba ya kweli

Hili nililijua kutokana na ving'amuzi vinavyorudishwa dukani vikiwa vizima kabisa. Mteja ameweka saa ya tamthilia, ameondoka, amerudi hakuna kitu. Mara nyingi LUKU iliisha mchana, au umeme ulikatika na kurudi, king'amuzi kikawaka lakini rekodi haikuendelea. Diski nayo huumia: ikizimwa ghafla wakati inaandika, faili la siku hiyo linaweza kupotea lote.

Ratiba ni tatizo la pili. Mashine hufuata saa iliyoandikwa, wakati kituo kimerefusha hotuba au kimechelewesha kipindi. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku hunaswa bila shida kwa sababu saa yake haiyumbi. Kwa vipindi vingine, mwambie mteja aongeze nusu saa mwanzoni na nusu saa mwishoni. Ushauri huu mdogo umenipunguzia malalamiko kuliko matengenezo yoyote.

4. Mshindani halisi ni bando

Chaneli ya picha ya kawaida inayopita kwa megabiti 3 kwa sekunde hujaza gigabaiti 1.35 kwa saa. Flashi ya gigabaiti 32 itabeba zaidi ya saa 20, na kurekodi kwenyewe hakuli bando hata kidogo. Ukipakua ukubwa huohuo kwa simu, kila gigabaiti ina bei. Kwa familia inayoangalia pamoja, king'amuzi chenye tundu la USB bado kina hoja nzito.

Kijana wa chumba kimoja hesabu yake ni tofauti. Yeye anatazama YouTube kwa picha hafifu kwenye kioo kidogo, saa anayotaka, na hana haja ya kupanga lolote mapema. Netflix ilifungua huduma yake nchi zetu Januari 2016, lakini wateja wangu wengi wameacha kurekodi kwa sababu ya YouTube. Kijana huyo sijaribu tena kumuuzia diski.

5. Rekodi si mali yako mpaka ifunguke kwingine

Mama mmoja aliniletea flashi. King'amuzi chake kilikuwa kimeungua.

“Mwanangu, nifungulie hii. Ni kwaya yetu, binti yangu ndiye anayeongoza.”

Nilichomeka kwenye kompyuta. Faili lilikuwepo, ukubwa ulionekana, lakini lilikuwa limefungwa kwa king'amuzi kilichoungua.

“Mama, hii inasomeka kwenye king'amuzi kilekile tu.”

“Basi ndiyo nimeipoteza?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Ile ilikuwa chaneli ya bure, isiyodai hata senti, na kipindi hakikurudiwa. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya deki za Betamax, iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba kurekodi nyumbani ili utazame baadaye ni halali. Naamini mtazamaji wa Tanzania anastahili kinga ya namna hiyo: alichokinasa kutoka chaneli ya bure kifunguke kwenye kifaa chochote, na wanaoidhinisha ving'amuzi waliweke hilo kuwa sharti.

Kwa sasa kila aina mpya ikifika dukani naijaribu kwanza: narekodi kipindi kifupi, nahamishia flashi kwenye kompyuta. Kikigoma kufunguka, namwambia mteja kabla hajatoa pesa.