Kuwapeleka Mbwa Kwenye Chanjo kwa Gari



Vikundi vingine vimetuuliza hivi: mahali pa chanjo ya kichaa cha mbwa ni mbali, kilomita kumi na zaidi, na mbwa wetu hawatulii. Tunaweza kuchanga pesa tukodi pikapu, lakini huko nyuma tutawazuiaje?

Swali hili tumeona linastahili somo zima, maana safari ikiharibika mara moja, wenye mbwa hawatakubali tena. Na bila chanjo hatuna kinga. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara humwua. Wataalamu husema angalau mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe ndipo ugonjwa ukatike kijijini, na mpango wa Kenya uliozinduliwa mwaka 2014 unalenga kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu kufikia mwaka 2030. Kwa hiyo hata yule mbwa mkorofi ambaye hajapanda gari tangu azaliwe, naye afike.

Tuanze na yale yanayoleta hasara. Watu wengi humfunga mbwa kamba shingoni, wakamwacha kwenye pikapu iliyo wazi. Barabarani anaona mbwa mwenzake au ng'ombe, anaruka. Kamba ikiwa ndefu ya kutosha kuvuka ubao wa kando, lakini haifiki chini, mbwa ananing'inia. Dereva yuko mbele na injini inanguruma, hasikii kitu. Kamba ikiwa ndefu zaidi, anaburutwa. Kumwacha bila kufungwa nako siyo dawa: akiruka anavunjika mguu, au anapotea mbali na kwao, au pikipiki inamkwepa na kuanguka.

Wengine humtia mbwa ndani ya gunia na kulifunga mdomo. Tafadhali tuache jambo hili. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama mtu. Yeye hupunguza joto kwa kuhema na ulimi nje. Ndani ya gunia anahema hewa yake mwenyewe yenye joto, na anaweza kufa kabla hamjafika sokoni. Ni vivyo hivyo na kumfunga mdomo kwa kitambaa safari nzima. Kitambaa kitumike kwa dakika chache tu, wakati daktari wa mifugo anamdunga sindano, kisha kifunguliwe.

Njia tunayoipenda sisi ni kizimba. Fundi wa jua kali au seremala wa kijiji anaweza kukitengeneza kwa siku moja, na kikundi kikakitumia miaka mingi. Kwa mbwa wetu wa kawaida wa nyumbani, urefu wa sentimita 90, upana 60 na kimo 70 hutosha. Kipimo cha kweli lakini ni mbwa mwenyewe: aweze kusimama, kugeuka na kulala. Kikiwa kikubwa kupita hapo, atarushwarushwa kwenye mashimo. Tumieni mbao za inchi mbili kwa mbili na wavu mzito wa chuma. Waya wa kuku hautoshi, mbwa mwenye hasira anaurarua kwa meno. Misumari ipigwe ncha zisitokee ndani. Sakafu iwekwe gunia kuukuu, maana mbao tupu zinateleza na mbwa anayeteleza ndiye anayeogopa na kufanya fujo. Mlango uwe na komeo, na juu ya komeo mzungushe waya, kwa sababu mtikisiko wa barabara zetu hufungua makomeo.

Kizimba hicho kisiwekwe tu nyuma ya pikapu na kuachwa. Kisukumeni hadi karibu na kichwa cha gari, ambapo mtikisiko ni mdogo, na mkifunge pande mbili kwenye vyuma vya gari lenyewe. Majembe, debe na jerikeni visipakiwe juu yake wala kando yake bila kufungwa. Mbwa mmoja kizimba kimoja, isipokuwa watoto wa mama mmoja waliozoeana.

Kama kizimba hakuna, mbwa afungwe kwa mkanda wa kifuani, siyo shingoni. Mkanda huu hupita kifuani mbele ya miguu na kuzunguka mbavu nyuma ya miguu hiyo, na kipande cha mkanda wa kiti cha gari bovu kinafaa sana kuushonea. Kamba zifungwe mbili, moja kila upande, mbwa akae katikati. Ziwe fupi: aweze kulala, lakini asifikishe miguu ya mbele kwenye ubao wa kando. Jaribuni kabla gari halijaondoka. Mtu asimame nje amwite mbwa. Akifikisha kucha zake ukingoni, fupisheni kamba.

Mwenye gari dogo au stesheni wagoni afunge wavu imara kati ya viti na sehemu ya mizigo. Watu husema ah, mbwa ni mdogo tu. Lakini gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafla, mbwa hurushwa mbele kwa mwendo ule ule, sawa na kuangushwa kutoka kimo cha karibu mita 10. Mtoto aliyeketi mbele yake ataumia pamoja naye. Na kwa pikapu au gari dogo, mtoto asiketi nyuma na mbwa ati awashike.

Mkifika msimwache mbwa ndani ya gari lililofungwa vioo. Juani, joto la ndani hupanda upesi, sehemu kubwa katika nusu saa ya kwanza, na kuacha upenyo wa kidole dirishani hakusaidii sana. Pakieni asubuhi na mapema, mbebe maji, na gari lisimame kivulini.

Mbwa mchangamfu azoezwe kabla ya siku yenyewe. Wiki moja mbele, wekeni kizimba uani na mlango wazi, mmpe chakula humo ndani. Akizoea, fungeni mlango kidogo kidogo. Siku ya safari asile shibe asubuhi, atatapika. Lakini mtembezeni kwanza achoke. Na mlango usifunguliwe kamwe kabla kamba haijafungwa na kushikwa na mtu mzima. Hapo sokoni ndipo mbwa wengi hutoroka, siyo njiani.

Mbwa aliyebadilika tabia, anayetokwa na mate mengi au aliyeuma mtu karibuni, huyo msimpakie kabisa. Mwiteni ofisa wa mifugo aje kwake. Aliyeumwa aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

Kijijini kwetu kuna mbwa wangapi, na wangapi walichanjwa mwaka uliopita?

Nani ana mbao au wavu unaokaa bure, na kizimba kitatunzwa kwa nani?

Dereva tunayemkodi atakubali kwenda polepole, au tutafute mwingine?