Kitenzi ‘Give Up’ na Mtihani wa Mfasiri

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kitenzi cha Kiingereza ‘give up’ hakina kisawe kimoja katika Kiswahili. ‘Give’ ni kutoa au kupa, na ‘up’ ni juu. Hata hivyo, yakiandamana hayamaanishi kutoa juu. Hali hii si ngeni kwetu, kwani anayekata tamaa hashiki kisu.

Maana hubainika kutokana na muundo wa sentensi. Tazama mifano ifuatayo:

(i) ‘Don’t give up.’ Usikate tamaa.
(ii) ‘He gave up smoking.’ Aliacha kuvuta sigara.
(iii) ‘He gave up his seat to the old man.’ Alimwachia mzee kiti chake.
(iv) ‘He gave himself up to the police.’ Alijisalimisha kwa polisi.

Katika (ii), kitenzi kinachofuata huishia kwa ‘-ing’. ‘Gave up to smoke’ ni kosa. Aidha, shamirisho likiwa kiwakilishi hukaa katikati: ‘give it up’, wala si ‘give up it’.

Utata mkubwa huzuka ‘on’ inapoongezwa. ‘She gave up her son’ ni kusema kwamba mama alimtoa mwanawe, pengine alelewe na wengine. ‘She gave up on her son’ ni kusema kwamba alimkatia tamaa. Mama wa kwanza huenda angali anamtumainia mwanawe. Wa pili huenda angali anaishi naye. Katika zoezi moja la tafsiri, niliandika ‘alimwacha mwanawe’ kwa sentensi ya pili. Kwa neno moja nikamfanya mtoro mama ambaye hakuwahi kutoka nyumbani kwake.

Kosa langu lilikuwa kutafuta neno la kusimama badala ya ‘on’. Kazi ya kijineno hicho, katika Kiswahili, hufanywa na kauli ya kutendea: kata tamaa, katia tamaa. Kadhalika, ‘himself’ katika (iv) humezwa na kiambishi ‘-ji-’.

Kwa hivyo, kamusi hutupa orodha ya visawe, lakini sentensi ndiyo huamua. Mwanafunzi anayedhani kwamba unyambuaji wa vitenzi ni somo la kupitia mtihani tu, na auangalie upya. Huenda ndimo ilimojificha tafsiri anayoitafuta.