Kupanga na Kupunguza Vitu Chini ya Boneti: Somo la Vitendo kutoka Hombolo

Mwalimu wa ufundi wa magari akiulizwa ni somo gani kubwa kuliko yote, aghalabu hujibu kwamba ni kufungua injini na kuiunda upya. Kazi hiyo ni kubwa kweli, na vijana huipenda. Lakini sisi tumeona ya kwamba kazi iliyo nyepesi kuliko hiyo, yaani kupanga na kupunguza vitu vilivyojazana chini ya boneti, humwonyesha mwalimu upesi zaidi kama mwanafunzi wake anafikiri au anaufuata tu mkono wa fundi aliyemtangulia. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi tunavyolifundisha somo hilo Hombolo, na kwa nini tumelipa vipindi vingi kuliko linavyopewa kwa kawaida.

Haja ya kuyaandika haya imeongezeka. Tangu Januari 2024 shule zetu za sekondari zimeanza kufuata mtaala wenye mkondo wa amali, na walimu wengi wanaotoka vyuoni watajikuta mbele ya gari bovu moja na wanafunzi 40. Gari la namna hiyo halitoshi kwa wote kufungua injini. Latosha, hata hivyo, kwa wote kuisoma.

Hombolo iko kiasi cha kilomita 40 kutoka Dodoma mjini, upande wa kaskazini-mashariki. Wasomaji wengi wanaijua kwa bwawa lake lililojengwa mwaka 1957, kwa samaki na kwa zabibu. Kwa mwalimu wa magari mambo mengine mawili yana uzito zaidi. La kwanza ni vumbi: mvua za Ugogo huanza karibu na Desemba na kwisha karibu na Aprili, na miezi yote iliyobaki ni ya ukavu na upepo. La pili ni umbali. Gari lililozimika usiku kati ya Hombolo na mjini, likiwa na mama mjamzito anayewahishwa hospitali, halina gereji ya kukimbilia. Litawashwa tena na yeyote aliyemo ndani yake, kwa tochi, au halitawashwa. Kwa hiyo tunapowaambia wanachuo kwamba nafasi ya injini iwe safi na yenye vitu vichache, hatuwaambii kwa ajili ya kupendeza macho. Tunataka mtu asiyelijua gari hilo aweze kulisoma gizani.

Gari tunalotumia ni Land Rover ya petroli ya Series IIA, aina iliyotengenezwa kati ya 1961 na 1971. Tumelichagua kwa sababu limepita katika mikono mingi, na kila mkono umeacha alama yake: waya zisizo na rangi zinazojulikana, mipira ya maji iliyofungwa kwa vipande vya tyubu, hita isiyofanya kazi, na kisanduku cha kudhibiti umeme kilichobaki ukutani ingawa dainamo yake iliondolewa zamani na kuwekwa altaneta. Mwalimu asitafute gari safi kwa somo hili.

Katika vipindi viwili vya kwanza spana hazitoki sandukuni. Wanachuo hugawanywa katika vikundi vya watu watanogawa watano, na kila kikundi hupewa mfumo mmoja: maji, mafuta, hewa, umeme wa kuwashia, au umeme wa taa. Kazi yao ni kufuatilia kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuchora. Kila waya na kila mpira hufungwa kikaratasi chenye nambari, na nambari hiyo huandikwa katika mchoro. Hapa ndipo vijana hulalamika, maana walikuja kuchafua mikono nasi tunawapa penseli. Mwalimu asiwaonee huruma. Mwanachuo asiyeweza kusema waya unakotoka na unakokwenda hana ruhusa ya kuukata.

Neno moja juu ya lugha. Kikundi kimoja huandika themostati, kingine huandika vali ya maji, cha tatu huandika jina walilolisikia gereji. Tunawaachia majina yote, mradi kila kikundi kieleze kazi ya kitu chenyewe kwa sentensi moja ya Kiswahili iliyo kamili. Tumegundua ya kwamba sentensi hiyo ni kipimo kikali. Wako wanaoweza kutaja sehemu 30 kwa majina ya vitabuni bila kuweza kueleza kazi za 10 kati yake.

Michoro ikishakamilika huja kipindi tunachokiita baraza. Kila kitu ambacho kikundi kinapendekeza kiondolewe huletwa mbele ya darasa, na mpendekezaji hupaswa kujibu maswali matatu: kilifanya kazi gani kilipowekwa, kazi hiyo sasa inafanywa na nani, au kwa nini haihitajiki tena, na tundu au ncha itakayobaki itafungwaje. Anayeshindwa swali lolote, kitu chake hubaki.

Kile kisanduku cha dainamo hupita barazani bila taabu. Altaneta ina kidhibiti chake, kwa hiyo kisanduku ni maiti. Hata hivyo mara nyingi waya zilizo hai zimeunganishwa katika skrubu zake, kwa kuwa aliyeweka altaneta alikitumia kama njia panda. Zisipohamishwa kwanza kwa utaratibu, gari halitachaji. Hita nayo hupita. Usiku wa Julai una baridi Dodoma, lakini si baridi ya kudai hita, na hita inayovuja humwaga maji ambayo injini inayahitaji. Mabishano huwa katika swali la tatu. Wapo watakaotaka kuchomeka kijiti katika mpira wa maji na kukibana kwa waya. Kijiti hicho kitashika kijijini na kutoka njiani, maji yakishapata joto na shinikizo. Tundu la silinda hedi hufungwa kwa kizibo cha chuma chenye hesi zinazolingana, na la upande wa pili vivyo hivyo.

Bomba la kupumulia, lile litokalo juu ya injini na kwenda kwenye chujio la hewa, hukataliwa. Au tuseme linapaswa kukataliwa, maana kila mara yupo anayelihukumu kuwa halina kazi. Gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kuingia katika tumbo la injini. Bomba likizibwa, gesi hiyo husukuma oili itoke kwenye sili. Likiachwa wazi, vumbi la Hombolo huingia katika oili.

Tunatumia muda mrefu kuliko wote juu ya themostati, kwa sababu hapa mwalimu hapambani na ujinga bali na mazoea. Katika Afrika Mashariki kote, gari likichemsha, kitu cha kwanza ambacho mafundi wengi hukitoa na kukitupa ni hiki. Hoja yao huonekana ya akili: kizuizi kikiondoka, maji yatapita kwa wingi. Hatulipingi wazo hilo kwa maneno. Tunachukua themostati nzima, tunaitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, na kuwasha jiko. Darasa huiona ikibaki imefunga hadi karibu na kiwango cha joto kilichochapwa juu yake, kwa mfano nyuzi 82, kisha ikifunguka polepole. Ndipo tunauliza: kama yafunguka yenyewe injini inapopata joto, imezuia nini? Tunaendelea kueleza kwamba injini isiyo na themostati huchukua muda mrefu mno kupata joto lake, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema; na kwamba katika injini nyingi themostati ikifunguka huziba pia njia fupi ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto huzunguka kwa njia hiyo fupi bila kufika kwenye rejeta, na gari hilo hilo lililotolewa themostati ili lisichemshe hulemewa zaidi mlimani.

Jiko likiwa bado linawaka, tunawaacha maji yachemke. Hombolo iko kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kipimajoto husimama kwenye nyuzi 96 au 97, si 100. Tofauti hii ndogo huwashangaza wengi, nasi hatuipitishi bure. Mfuniko wa rejeta, kwa springi yake, huweka shinikizo ambalo hupandisha kiwango cha kuchemka hata kupita nyuzi 110. Aliyebadilisha mfuniko huo kwa kopo au kitambaa ameondoa kinga kubwa, na ameiondoa mahali ambapo maji huchemka mapema kuliko Dar es Salaam. (Mwalimu akumbushe hapo hapo kwamba mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto.) Katika injini nyingi zinazochemsha nyanda hizi, kosa halisi huwa katika rejeta iliyoziba. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na huacha ukoko kama ule tunaouona katika mabirika. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora.

Chujio la hewa tunalifundisha kwa hesabu. Injini hii ina ujazo wa lita 2.286, na kila mizunguko miwili huvuta hewa mara moja. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, silinda zikijaa sawasawa, huvuta karibu lita 2,300 kila dakika. Safari ya saa moja hadi mjini yahitaji zaidi ya lita 130,000. Kijana anayepiga hesabu hii mwenyewe, kisha akaenda kusimama nyuma ya lori katika barabara ya vumbi, hahitaji kuhubiriwa. Chujio la gari letu ni la bakuli la oili, halihitaji karatasi ya kununua. Lahitaji kuoshwa na kutiwa oili safi hadi kwenye alama. Ni kubwa na huziba nafasi, ndiyo sababu hupendekezwa kuondolewa kila mwaka. Nasi kila mwaka twalirudisha.

Juu ya umeme tutasema kwa ufupi. Taa mbili za wati 60 kwa betri ya volti 12 huvuta ampea 10. Fyuzi iliyobadilishwa kwa kipande cha waya haitakatika hata waya ukigusa bodi, na kitakachoungua ni waya wenyewe, karibu na petroli. Hakuna kupunguza kunakoruhusu kuondoa fyuzi. Waya za kuondoa ni zile ambazo mchoro umethibitisha kuwa hazifiki popote, na huondolewa zote, tangu ncha hadi ncha. Ncha iliyokatwa na kufichwa chini ya tepu itamsumbua mtu mwingine.

Kazi yenyewe ya mikono huchukua vipindi viwili tu. Huanza kwa kufungua waya wa athi wa betri. Uchafu wa oili husuguliwa kwa brashi na mafuta ya taa, mbali na moto, kisha sehemu hukaushwa. Maji ya kasi yasielekezwe kwenye distribyuta wala altaneta. Waya hupangwa upande mmoja na mabomba ya petroli upande mwingine, mbali na manifoldi ya eksozi. Penye kupita katika tundu la bati huwekwa mpira wa kuzuia msuguano. Vikaratasi vya nambari hubadilishwa kwa vibandiko vya kudumu.

Mwalimu atakayetumia gari la kisasa lenye kompyuta aliendee kwa tahadhari zaidi. Humo vihisi vidogo hulingana sura na vitu visivyo na maana, na kung'oa kimoja kwaweza kuifanya injini ikose nguvu kabisa. Na katika gari lolote lenye kisaidizi cha breki, mpira unaotoka kwenye manifoldi kwenda huko hauguswi. Ukizibwa, kanyagio huwa gumu na gari halisimami lilipotarajiwa.

Mtihani wa somo hili hatuufanyi kwa kukagua usafi. Jua likishazama, mwalimu hulegeza kitu kimoja: waya wa koili, bomba la petroli, au athi ya injini. Mwanachuo wa kikundi kingine, ambaye hakuupanga mfumo huo, hupewa tochi na mchoro wa wenzake, naye huambiwa awashe gari. Tunapima dakika. Alama hupewa waliochora na kupanga, si aliyetafuta. Utaratibu huo huwakasirisha mwanzoni, lakini muhula unaofuata michoro huwa mikubwa na maandishi yake husomeka.

Vitu vyote vilivyoondolewa huwekwa katika sanduku moja chini ya benchi, kila kimoja na nambari yake na jina la aliyekitetea barazani. Havitupwi hadi gari limepita msimu mmoja wa mvua na mmoja wa vumbi. Mwezi Mei, na tena Novemba, darasa hufungua boneti na sanduku kwa pamoja.