Dondoo muhimu: Mwenzako anapohamishwa

Wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hutembea wawili wawili, na taarifa za uhamisho huja takriban kila baada ya wiki 6. Ukingoja simu iite ndipo uanze kuaga, umechelewa. Muda wote utaishia kwenye kukunja mashati.

Anzeni na waumini. Yule mama aliyewapikia mara kwa mara asizipate habari kwa mgeni. Piteni kwake hata dakika 10, mkatae chakula kama mnaweza (hamtaweza).

Anayeondoka aandike majina ya wanaofundishwa, njia ya kufika kwa kila mmoja, na mbwa wa nani anauma.

Mlikwaruzana? Yamalizeni usiku wa kabla ya safari, si stendi huku kondakta anapiga kelele. Taja kosa lenyewe. “Nisamehe kwa yote” ni njia ya kukwepa.

Zawadi iwe nyepesi, sanduku limeshajaa vitabu. Barua fupi ya mkono inatosha, yenye jambo moja ulilomwona akilifanya vizuri. Na picha mpige mapema, kabla macho hayajawa mekundu.