Kwa nini bima ya afya imewashinda Wamarekani?

Mwaka uliopita, mwalimu mmoja mstaafu ambaye nimemtibu shinikizo la damu kwa muda mrefu alikuja kwenye kliniki yangu na ombi ambalo sikulitarajia. Alitaka nimwandikie tembe za ugonjwa wa kisukari, si zake, bali za mwanawe anayeishi Texas, Marekani. Kijana huyo alikuwa ameachishwa kazi, na bima yake ya matibabu ikakatika pamoja na kazi hiyo. Ili dawa zisimwishie upesi, alikuwa akimeza tembe moja badala ya mbili.

"Daktari, si huko ndiko tunakotumiwa pesa za hospitali?" mama akaniuliza. "Imekuwaje sasa mimi ndiye nimtumie dawa?"

Nilimweleza kwamba daktari hawezi kumwandikia dawa mgonjwa ambaye hajamwona. Hata hivyo, swali lake lilikuwa la haki, na huenda wewe msomaji pia umewahi kujiuliza. Je, nchi yenye hospitali zinazosifika kote duniani hushindwa vipi kumpa mgonjwa wa kisukari tembe za bei nafuu? Na ikiwa viongozi wake wamezungumzia jambo hili kwa miaka 80, kwa nini hawalimalizi? Hilo ndilo somo letu wiki hii.

Si uhaba wa pesa

Kwanza tuondoe dhana moja. Tatizo la Marekani si kukosa fedha. Mwaka wa 2023 nchi hiyo ilitumia dola trilioni 4.9 kwa afya, yaani dola 14,570 kwa kila mtu. Hiyo ni asilimia 17.6 ya pato lote la taifa, na hakuna nchi kubwa inayotumia kiasi kama hicho. Hata hivyo, katika mwaka huo huo watu wapatao milioni 26 hawakuwa na bima yoyote.

Wenye bima nao hawalali usingizi mnono. Kwa kawaida mtu hulipa mchango kila mwezi, awe mgonjwa au mzima. Akiugua, mara nyingi hutakiwa kutumia kiasi fulani cha pesa zake mwenyewe kabla ya kampuni ya bima kuanza kulipa. Baada ya hapo huchangia sehemu ya kila gharama. Aidha, ni lazima aangalie ikiwa daktari wake yumo katika orodha ya kampuni hiyo, kwani asipokuwemo, gharama humwangukia yeye.

Bima iliyofungwa kwenye kazi

Ili kuelewa jinsi mambo yalivyofikia hapo, turudi nyuma hadi Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mwaka wa 1942 serikali ya Marekani iliweka vikwazo vya kuongeza mishahara ili bei za bidhaa zisipande. Waajiri walihitaji wafanyakazi lakini hawakuruhusiwa kuwavutia kwa mshahara mnono. Wakatumia njia nyingine: kuwalipia bima ya matibabu, ambayo haikuhesabiwa kuwa mshahara. Mwaka wa 1954 sheria ikathibitisha kwamba pesa ambazo mwajiri hutoa kwa bima hiyo hazitozwi ushuru wa mapato.

Basi jambo lililoanza kama njia ya kukabiliana na hali ya vita likawa ndio msingi wa nyumba nzima. Leo Wamarekani zaidi ya milioni 150 hupata bima kupitia kazini. Mwaka wa 2025 bima ya familia ya aina hiyo iligharimu wastani wa dola 26,993. Kati ya hizo, mfanyakazi alikatwa dola 6,850 pekee, na mwajiri akalipa zilizosalia. Wachumi wengi husema kwamba hata hizo za mwajiri ni mshahara ambao mfanyakazi angelipwa. Lakini kwa kuwa hazioni zikitoka mfukoni mwake, yeye huona bima yake ni nafuu na hataki iguswe.

Hapa kwetu, mtu akibadilisha kazi hubaki na usajili wake ule ule wa SHA. Kule, kazi ikiondoka, bima nayo huondoka. Sheria humruhusu mfanyakazi wa kampuni yenye watu 20 au zaidi kuendelea na bima hiyo kwa muda, kwa kawaida miezi 18, mradi alipe gharama yote mwenyewe. Lakini ni nani aliyefutwa kazi atakayepata pesa kama hizo?

Miaka 80 ya kujaribu

Mnamo Novemba 1945 Rais Harry Truman aliliomba Bunge la Congress liunde bima ya taifa zima, itakayochangiwa kutoka kwa mishahara. Chama cha Madaktari cha Marekani kilipinga vikali. Mwaka wa 1949 chama hicho kilikodi wataalamu wa propaganda na kutumia zaidi ya dola milioni moja kuwaambia wananchi kwamba huo ulikuwa ujamaa. Wakati huo hofu ya ukomunisti ilikuwa imetanda, na mpango ukafa. Naandika haya bila fahari, kwa kuwa waliouzima walikuwa wa taaluma yangu.

Mnamo Julai 30, 1965, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoanzisha Medicare, bima ya wazee wa miaka 65 na zaidi, na Medicaid, msaada wa matibabu kwa maskini. Alisafiri hadi Missouri kutia sahihi hiyo mbele ya mzee Truman, ambaye alipewa kadi ya kwanza ya Medicare. Yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini baada ya wazee kupata chao, na wenye kazi wakiwa na chao, waliosalia nje walikuwa watu wasio na sauti.

Rais Richard Nixon, wa chama cha Republican, alileta mpango mwaka wa 1974 wa kuwataka waajiri wawalipie wafanyakazi bima. Wengi katika chama cha Democratic waliona hautoshi wakangoja ulio bora zaidi. Kashfa ya Watergate ikamwondoa Nixon mamlakani mwaka huo huo, nao wakaambulia patupu.

Mwaka wa 1993 ikawa zamu ya Rais Bill Clinton. Mswada wake ulikuwa na kurasa zaidi ya 1,300. Muungano wa kampuni za bima ukalipia matangazo ya televisheni yaliyoonyesha mume na mke wakiwa nyumbani, wakihofia kwamba serikali ingewachagulia bima wasiyoitaka. Kufikia Septemba 1994 mswada ulikuwa umekufa bila hata kupigiwa kura ya mwisho. Novemba mwaka huo chama cha Clinton kikapoteza mabaraza yote mawili ya Congress.

Kiraka cha Obama

Barack Obama, ambaye babake alitoka Kogelo katika Siaya, alijifunza kutokana na makosa ya Clinton. Hakujaribu kuiondoa bima ya kazini. Alitaka kuziba mianya. Hata hivyo, katika Seneti yenye watu 100, mswada mkubwa huhitaji kura 60 ili wapinzani wasiuzuie kwa mjadala usiokwisha. Chama chake pamoja na maseneta huru walioshirikiana nacho walikuwa na 60 kamili, hivi kwamba kila seneta alikuwa na uwezo wa kuuangusha. Pendekezo la kuunda bima ya serikali ambayo ingeshindana na kampuni za kibinafsi liliondolewa, kwa kuwa seneta mmoja, Joe Lieberman, alikataa kuliunga mkono.

Sheria hiyo ilitiwa sahihi Machi 23, 2010. Iliwakataza wauzaji wa bima kumkataa mtu kwa sababu tayari ni mgonjwa. Kabla ya hapo, mwenye kisukari aliyejitafutia bima angeweza kufungiwa mlango katika majimbo mengi. Vijana wakaruhusiwa kubaki katika bima ya wazazi hadi umri wa miaka 26. Wenye mapato ya kadiri wakapewa ruzuku, na Medicaid ikapanuliwa.

Lakini mnamo Juni 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kila jimbo lina hiari ya kuipanua Medicaid au kutoipanua. Texas ni mojawapo ya majimbo yaliyokataa. Ndiyo sababu katika jimbo hilo mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu hapati Medicaid hata akiwa hana senti.

Wapinzani wa sheria hiyo nao walikatishwa tamaa. Chama cha Republican kiliahidi kwa miaka saba kwamba kingeifuta. Mwaka wa 2017 kilikuwa na rais na mabaraza yote mawili. Usiku wa kuamkia Julai 28, mswada wake ulishindwa katika Seneti kwa kura 51 dhidi ya 49. Mmoja wa waliouangusha alikuwa John McCain wa chama hicho hicho, aliyekuwa amegunduliwa kuwa na saratani ya ubongo siku chache tu zilizotangulia.

Vita havijaisha. Ruzuku zilizoongezwa mwaka wa 2021 zilipangiwa kufika kikomo mwishoni mwa 2025. Ubishi juu yake uliifunga serikali ya nchi hiyo kwa siku 43, kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025. Serikali ikafunguliwa, na nyongeza hizo zikakwisha kama ilivyopangwa. Awali, Julai mwaka huo, sheria nyingine ilikuwa imepunguza fedha za Medicaid. Ofisi ya Bajeti ya Congress ilikadiria kwamba kutokana na sheria hiyo watu milioni 10 zaidi watakuwa bila bima kufikia 2034.

Ugonjwa wenyewe uko wapi?

Mgonjwa akirudi kwangu mara tano na homa ile ile, siandiki tena dawa ya homa. Natafuta chanzo. Kwa maoni yangu, vyanzo hapa ni vitatu.

Cha kwanza, wengi tayari wana kitu. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini hapa shida si kutojua tu. Aliyeshika sahani anaogopa kwamba wakiitwa wengine mezani, yake itapunguzwa. Ndiyo maana kila tangazo la kupinga mabadiliko humwambia mwananchi jambo moja: utapoteza ulicho nacho.

Cha pili, kila dola inayoitwa gharama ni mapato ya mtu. Hospitali, watengenezaji dawa, kampuni za bima na sisi madaktari hatupendi kuambiwa tupunguze. Makundi haya yana fedha na mawakili. Mgonjwa wa kisukari aliyefutwa kazi hana.

Cha tatu ni tofauti ya kweli ya imani. Wako wanaoamini kwamba serikali ikiishika bima, ushuru utapanda na uhuru wa kuchagua utapungua. Wako wengine, kama Seneta Bernie Sanders, wanaotaka Medicare iwe ya kila mtu. Hawa wote si watu wabaya. Lakini kwa jinsi Congress ilivyoundwa, upande mmoja ukikosa kura 60 huishia kushona kiraka, na upande wa pili ukiingia huanza kukifumua.

Siasa ikingoja, ugonjwa haungoji. Sukari isiyodhibitiwa huharibu macho, figo na mishipa ya miguu polepole, bila maumivu, kwa miezi na miaka. Mtu akija kusikia maumivu, mara nyingi tumechelewa.

Ikiwa una jamaa Marekani

Mweleze mambo yafuatayo:

1. Akipoteza bima ya kazini, ana siku 60 za kujisajili kwa bima nyingine katika soko lililoundwa na sheria ya 2010. Zikipita, huenda akalazimika kungoja msimu wa usajili, ambao kwa kawaida huanza Novemba 1.

2. Kuna vituo vya afya vya jamii vinavyosaidiwa na serikali kuu. Hivi hutoza kulingana na mapato, na havimfukuzi mtu kwa kukosa pesa.

3. Kwa mujibu wa sheria ya 1986, hospitali zenye kitengo cha dharura zinazopokea malipo ya Medicare ni lazima zimpime na kumtuliza mgonjwa aliye hatarini. Lakini hii haimaanishi bure. Bili itamfuata nyumbani.

4. Mzazi anayehamia huko uzeeni hapati Medicare mara moja. Kwa kawaida asiye raia, na ambaye hajafanya kazi huko, ni lazima awe mkazi wa kudumu kwa miaka mitano mfululizo ndipo aweze kuinunua.

5. Asipunguze dawa za kisukari au shinikizo la damu bila kumwuliza daktari.

Kijana wa yule mwalimu hakujua habari ya siku 60, na zilikuwa zimeshapita. Nilimwambia mama ampigie simu atafute kituo cha jamii kilicho karibu naye. Alienda. Sukari yake ilikuwa juu sana, lakini alipata dawa kwa bei aliyoimudu, na sasa anameza tembe mbili kama inavyotakiwa.

Mama alipokuja tena kupimwa shinikizo la damu, aliniuliza ikiwa wabunge wa huko watalimaliza jambo hili hivi karibuni. Nilimwambia asingoje. Amkumbushe mwanawe kujisajili Novemba.