Mkimbiaji na Michezo Mingine

Mwanzoni mwa muhula huu, jioni moja baada ya chakula, mwanafunzi wa Kidato cha Pili alinijia bwenini akaniuliza neno. Alisema, "Dada, mimi nataka kuwa mkimbiaji wa mita 1500. Je, niache netiboli?" Nilimwomba anipe siku chache nifikiri. Makala haya ndiyo jibu langu. Nimeona afadhali niliandike katika gazeti letu kuliko kumnong'oneza yeye peke yake, kwani najua wako wengine wenye swali hilo hilo, na pengine hata wazazi wetu huulizwa wakati wa likizo.

Kwanza yanipasa kueleza kwa nini aliniuliza mimi. Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Tatu, niliiacha timu ya netiboli ya bweni letu. Nilijiambia kwamba mtu hawezi kutumikia mabwana wawili. Tangu Januari nikawa nakimbia siku zote saba za juma, alfajiri kabla ya kengele na jioni tena. Ziko siku nilizouacha uji wa asubuhi ili nizunguke uwanja mara mbili zaidi. Mwalimu wetu wa michezo aliniita akaniambia nipunguze mbio, nile vizuri, tena nirudi kucheza na wenzangu walau mara mbili kwa juma. Niliitikia, "Ndiyo, Mwalimu," lakini sikufanya.

Mwezi wa Aprili muundi wa mguu wa kushoto ulianza kuuma. Nikaufunga kitambaa, nikaendelea. Siku chache kabla ya kuchagua timu ya wilaya ya UMISSETA sikuweza hata kukanyaga chini. Hospitalini daktari alinionyesha picha ya mfupa, na katika mfupa ule ulikuwamo ufa mwembamba kama unywele. Niliagizwa nisikimbie kwa majuma manane. Wenzangu walipopanda basi kwenda mashindanoni mimi nilibaki getini nikiwapungia mkono. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilidhani ni mithali tu.

Basi katika majuma yale manane nilipata nafasi ya kusoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyojifunza.

Watu wengi hudhani kuwa mfupa ni kitu kikavu, kama mti wa kujengea. Sivyo. Mfupa ni kitu kilicho hai. Ndani yake zimo seli zinazobomoa sehemu zilizochoka, na seli nyingine zinazojenga upya. Mfupa ukipata kazi ya kadiri na pumziko la kutosha, ujenzi huushinda ubomoaji, na mfupa huwa imara zaidi. Kazi ikizidi bila pumziko, ubomoaji hutangulia, na hapo ndipo ufa hutokea.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Mkimbiaji hupiga hatua 170 hivi kwa dakika. Akikimbia dakika 30 amepiga hatua 5,100, yaani kila mguu umegonga ardhi mara 2,550. Na kila unapogonga, mguu hubeba uzito upatao mara mbili au tatu ya uzito wa mwili. Mimi nina kilo 48. Basi kila hatua mguu wangu hubeba kama kilo 96 mpaka 144. Tena hatua zote hizo ni za namna moja, kuelekea mbele, na nguvu huupiga mfupa kutoka upande ule ule kila mara. Mwaka jana nilikuwa nikiufanyia muundi wangu hivyo mara mbili kwa siku, bila siku ya kupumzika.

Mchezo wa mpira ni tofauti. Katika netiboli mchezaji huruka, hutua, husimama ghafula, hugeuka kushoto, hurudi nyuma. Nguvu huufikia mfupa kutoka pande nyingi, nao mfupa hujijenga pande nyingi. Wataalamu waliochunguza wakimbiaji na askari wapya wameona kuwa wale waliocheza michezo ya mpira ujanani, kama vile mpira wa kikapu na mpira wa miguu, kwa kawaida hawakupata nyufa za mifupa kwa wingi kama wale ambao hawakuicheza. Jambo hili latuhusu sana sisi, kwa maana umri wetu ndio umri ambao mifupa inajengwa. Akiba tunayoiweka sasa ndiyo tutakayoitumia uzeeni.

Pengine msomaji atasema, "Lakini mabingwa hawakupoteza wakati kwa michezo mingine." Hebu tuwatazame wachache.

Wilma Rudolph alizaliwa mwaka 1940 katika jimbo la Tennessee, Marekani. Alipokuwa mtoto alipata ugonjwa wa polio, akawa akivaa chuma mguuni ili aweze kutembea. Alipopona alicheza mpira wa kikapu katika shule yake, na ni katika mchezo huo ndipo mwalimu wa riadha wa chuo kikuu alipoiona kasi yake. Mwaka 1960, katika Michezo ya Olimpiki ya Rome, alipata medali tatu za dhahabu: mita 100, mita 200, na mbio za kupokezana vijiti.

Fanny Blankers-Koen wa Uholanzi alipenda kuogelea alipokuwa msichana. Mwalimu wake wa kuogelea ndiye aliyemshauri ashike mbio, maana nchi yao ilikuwa tayari na waogeleaji wengi hodari. Mwaka 1948 huko London, akiwa na miaka 30 na mama wa watoto wawili, alishinda medali nne za dhahabu.

Jirani yetu Kipchoge Keino wa Kenya aliwahi kucheza raga kabla ya kujulikana kwa mbio. Mwaka 1968 huko Mexico alishinda mita 1500, na mwaka 1972 huko Munich alishinda mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Naye Usain Bolt wa Jamaika alikuwa mtoto wa kriketi, na mwalimu wake wa kriketi ndiye aliyemwambia ajaribu mbio. Mwaka 2009 huko Berlin alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58.

Simaanishi kwamba mpira wa kikapu ndio uliompa Rudolph dhahabu, wala kwamba kila mcheza kriketi atakuwa Bolt. Nasema tu kwamba michezo mingine haikuwaharibu. Iliwafundisha miili yao kazi nyingi kabla ya kuichagua moja.

Lakini wengi wetu hatutakuwa mabingwa. Tutakuwa watu wazima wanaokimbia asubuhi kwa ajili ya afya. Kwa hiyo niliwauliza pia wakimbiaji wa namna hiyo ninaowafahamu, kila mmoja alicheza nini.

Mjomba wangu, ambaye amewahi kukimbia kilomita 21 katika Kilimanjaro Marathon mjini Moshi, aliniambia kuwa ujana wake wote alikuwa beki wa mpira wa miguu. Magoti yake hayapendi tena kugongana na watu, basi siku asizokimbia huenda kazini kwa baiskeli. Mwalimu wetu mmoja wa hisabati, tunayemwona kila Jumamosi akikimbia barabara ya kisimani, alicheza mpira wa wavu chuoni, na mpaka leo huruka wavuni pamoja na wanafunzi. Mama yangu, aliyeanza kukimbia baada ya kuambiwa shinikizo lake la damu limepanda, alicheka nilipomuuliza. Alisema, "Mwanangu, mimi sikucheza mchezo wowote. Nilicheza rede na kuruka kamba tu."

Nadhani mama alijidharau bure. Katika rede yule aliye katikati hukwepa mpira unaotupwa kutoka pande mbili, naye huinama, huruka na kugeuka huku akijaza mchanga katika chupa. Hayo ndiyo mazoezi ambayo mkimbiaji wa barabarani huyakosa. Na kuruka kamba hukaza vifundo vya miguu kuliko mazoezi mengi yanayotaka vyombo vya fedha nyingi. Tulipokuwa watoto tulikuwa na mafunzo mazuri uani, nasi hatukuyaita michezo.

Kila mchezo una faida yake kwa mkimbiaji. Netiboli na mpira wa kikapu hujenga mifupa na misuli ya nyonga, ambayo humfanya mkimbiaji asiyumbe anapochoka. Mpira wa miguu hufundisha kukimbia kwa kasi, kupunguza, na kuongeza tena. Baiskeli na kuogelea huufanyisha moyo kazi bila kuigonga miguu chini. Kwa hiyo vyamfaa sana mtu aliyeumia. Mimi mwenyewe, daktari aliponiruhusu, nilianza kwa baiskeli ya mlezi wetu, nikizunguka uwanja kama mtoto anayejifunza.

Lakini tusidanganyane. Michezo mingine nayo ina hatari zake. Mtu aweza kuteguka goti katika netiboli, na aweza kuvunjika mkono katika mpira wa miguu. Wala baiskeli haitoshi yenyewe kujenga mifupa, kwa sababu haiugongi mguu. Na mtu akijumlisha michezo yote bila kupumzika amerudia kosa langu kwa jina jingine. Kadhalika mfupa haujengwi kwa mazoezi matupu, wataka chakula. Uji, maharage, mboga za majani, maziwa yapatikanapo, na dagaa tunaowalalamikia kila juma, hao hao wana madini ya kujenga mifupa. Msichana anayeruka chakula ili akimbie zaidi anaubomoa ukuta anaotaka kuupanda.

Huu ndio utaratibu ninaoufuata muhula huu, kwa shauri la Mwalimu wetu wa michezo. Jumatatu mbio nyepesi, Jumanne netiboli, Jumatano mbio za kasi, Alhamisi kamba na mazoezi ya viungo, Ijumaa mapumziko, Jumamosi mbio ndefu, Jumapili mapumziko. Maumivu ya mfupa yakidumu siku ya pili, nasimama na kusema. Kusema si uoga.

Je, nimekuwa hodari zaidi? Kwa kweli bado. Wakati wangu wa mita 1500 bado haujafikia ule wa Machi mwaka jana. Lakini tangu Januari sijakosa hata siku moja ya mazoezi kwa sababu ya maumivu, nami mwaka jana nilikosa majuma manane pamoja na safari niliyoingoja miaka miwili. Sijui kama nitachaguliwa safari hii. Nikichaguliwa nitafurahi; nisipochaguliwa, nitakuwa nimecheza na wenzangu katika mwaka wangu wa mwisho shuleni hapa, jambo ambalo mwaka jana nilijinyima mwenyewe.

Basi wewe mdogo wangu wa Kidato cha Pili, jibu langu ni hili: usiache netiboli. Kimbia siku za kukimbia, cheza siku za kucheza, lala siku za kulala. Jumanne saa kumi jioni njoo uwanjani na raba zako. Mchezaji wetu wa katikati amehamia shule nyingine, na nafasi yake iko wazi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne